Njia Inayopendekezwa

Saa ya usingizi wa mchana, Asunción ikiungua kwa joto, watu wa ofisi ya Don Wilfrido waliketi duara wakipokezana pembe ya tereré, chai ya majani inayotiwa maji ya barafu. Marehemu Ña Petrona, yaani Bi Petrona, alikuwa miongoni mwao. Alianza kuja baada ya mazishi yake. Katika duara hilo anayesema asante ndiye aliyetosheka, naye hakusema, basi Zunilda aliendelea kumjazia.

Zunilda ndiye mwandishi wa mwongozo wa programu yao, ile inayoendesha mashine za oksijeni za zahanati za mbali. Kuiweka kwenye mashine kuna njia mbili. Ya mkato, unanakili mstari mmoja, mashine inajivutia yote mtandaoni. Ya pili unaileta kwa flashi, bila mtandao: inakula nusu siku, lakini kila kipande kinakaguliwa. Mtandao ukikatika katikati ya ile ya mkato, programu inabaki nusu, na hewa ikiisha king'ora hakilii. Ndivyo alivyokufa Ña Petrona, kule Chaco, muuguzi akiwa chumba cha pili.

"Ile ya mkato bado iko juu ya ukurasa wa mwongozo?" aliuliza marehemu.

"Bado, Ña Petrona."

"Haya. Nipe pembe."

Zunilda alikuwa ameishusha chini ya ukurasa. Wilfrido akaipandisha tena, na neno "tunapendekeza" ubavuni.

"Don Wilfrido, dada yangu Mirta ni muuguzi huko Bahía Negra," Zunilda alisema. "Wiki hii anaiweka programu. Mgonjwa wake ni baba yetu."

"Si umpigie simu, binti? Wateja wanataka wepesi. Ukitanguliza nusu siku, wanatukimbia."

"Na sisi tusio na mtoto ofisini?" Ña Petrona aliuliza.

Zunilda alipiga simu mpaka sikio likamuuma. Bahía Negra mtandao ulikuwa umekatika.

Kesho yake, saa ileile, baba yake aliingia, kofia mkononi. Hakuwa akihema. Wilfrido alimpisha kiti, maana adabu alikuwa nayo. Zunilda alimmiminia huku machozi yakimtoka.

"Mirta usimgombeze, mwanangu," mzee alisema. "Alifuata mlichopendekeza. Hakujua kama ukurasa una chini."

Wilfrido alimpa Zunilda pole, tena ya dhati, kisha akarudi kwenye kompyuta. Zahanati nyingine ilikuwa inauliza ianzie wapi, akaipelekea ukurasa uleule.