Lugha ya Watu Wawili

Darasani kwetu ni marufuku kufungua mdomo. Sheria imebandikwa mlangoni, na mhadhiri wetu, ambaye ni kiziwi tangu utotoni, hana msamaha na anayeivunja. Hasikii, lakini shavu likicheza analiona, na naapa hata akiwa amegeukia ubaoni analiona. Sasa mimi ni msusi. Watu huja saluni kwangu kusukwa, wengine huja kupiga soga tu na nywele ni kisingizio. Mchukue mtu wa namna hiyo, umkalishe jioni nzima kwenye kiti cha plastiki, umwambie anyamaze. Wiki ya kwanza taya ziliniuma kama niliyekuwa nikitafuna miwa.

Viti vilipangwa nusu duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Mhadhiri akitaka tumtazame, alizima taa na kuiwasha. Wenzangu, vijana wa mwaka wa tatu waliokuwa wakisomea ukalimani, wakainua mikono na kuanza. Wanacheka, wanabishana, wanasengenyana, vyote bila sauti. Mimi katikati yao nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Niliingiaje huko? Kwa sifa, na sifa mara nyingi humponza mwenyewe.

Mwanangu, binti wa miaka kumi na mmoja, alizaliwa hasikii. Baba yake alivumilia kidogo, kisha akaenda kutafuta nyumba yenye mazungumzo. Ameipata, nasikia mkewe hanyamazi. Tukabaki wawili, tukajitungia ishara zetu. Kidole shavuni ni bibi, kwa sababu bibi yake alikuwa na kidoti. Ngumi mbili zikisuguana ni kufua. Vidole vikinyesha juu ya kichwa ni mvua. Tulielewana kwa kula, kulala, kuoga na kugombana, na nilikuwa nikijigamba mbele ya wateja kwamba mimi na mwanangu hatuhitaji sauti.

Kisha akaenda shule ya bweni ya viziwi, na huko akapata lugha ya kweli. Kila likizo alirudi na mikono inayokimbia zaidi. Ishara zetu akaziacha moja moja, kama nguo zilizombana. Likizo iliyopita alinisimulia kitu kirefu jioni ile aliyofika, halafu basi. Siku zote zilizobaki alikula, akaosha vyombo, akakaa kizingitini kutazama wapita njia. Mtoto akikununia unajua pa kuanzia. Huyu hakuninunia. Alikuwa na adabu. Alikuwa mgeni mpole ndani ya nyumba yangu, na hilo liliniogopesha kuliko homa yoyote aliyowahi kuugua. Nikajiapia kwamba likizo ijayo itanikuta na lugha yake, nikae naye tuzungumze kama mama na mwana.

Chuo kikuu kina masomo ya jioni kwa watu wa nje. Nikaenda dirishani kwa karani wa usajili.

"Darasa la wanaoanza limeshajaa, mama," akaniambia. "Limebaki hili la mwaka wa tatu, la wakalimani. Hilo gumu kidogo."

"Nina mtoto kiziwi," nikasema. "Ana miaka kumi na mmoja."

Akacheka. "Ungeanza na hilo. Basi wewe ndiye utakayewafundisha."

Nami nikacheka, kichwa kikavimba, nikatia sahihi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata kama yana mamba.

Jioni ya kwanza mhadhiri alinitaka nijitambulishe. Nikasimama nikatumia ishara zangu zote nilizozijua, kidole shavuni, ngumi mbili, mvua juu ya kichwa. Wenzangu walitazamana. Mhadhiri alisubiri nimalize, mtaratibu kabisa, kisha akachukua kalamu na kuandika ubaoni: *Hii ni lugha ya wapi?*

Nikaandika chini yake: *Ya nyumbani kwangu.*

*Wanaoizungumza ni wangapi?*

*Wawili.*

Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akafuta ubao. Nilirudi kukaa nikiwaza kwamba hata hao wawili si wawili tena. Mwanangu aliihama lugha ile zamani, na aliyebaki nayo ni mimi peke yangu.

Baada ya hapo ilikuwa ni kuzama tu. Unadhani msusi hana shida na vidole, nami nilidhani hivyo. Vidole havikuwa na shida, taabu ilikuwa machoni. Macho yangu yamezoea kutazama kitu kimoja, mstari wa nywele, polepole mpaka mwisho. Darasani nikishika alama moja, nyingine nne zimeshapita. Niliyoiona naijua, lakini ile iliyokuja kabla yake imenitoka. Mhadhiri alikuwa akieleza kisa, darasa zima linacheka, nami nacheka mwisho, peke yangu, kwa kuwa nimeona wenzangu wakicheka. Kijana mmoja aliniigiza, si kwa ubaya, na darasa likacheka tena. Hapo nilielewa bila mkalimani.

Kila kiziwi na kila anayekaa na viziwi hupewa jina la alama, na hujichagulii, unapewa. Yangu ni vidole vinavyopigana karibu na midomo. Yaani Domo. Hata nilipokaa kimya, nilikuwa naitwa Domo.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha saluni, chanuo mkono mmoja. Mteja mmoja akaniuliza kama nafukuza nzi.

"Nasoma," nikamwambia.

"Unasoma nini, na kitabu kiko wapi?"

"Mwanangu ndiye kitabu."

"Mh. Basi usiniache nusu kichwa kwa ajili ya kitabu."

Aliyenihurumia ni msichana mmoja mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa akikaa jirani yangu. Wazazi wake wote wawili ni viziwi. Alama alizijua kabla ya kutembea, na mikono yake ilikuwa inateleza tu, bila papara. Tulipotoka nje, pale mdomo unaporuhusiwa, alinieleza upya somo zima kwenye ngazi. Nilimpenda, na kusema kweli nilimwonea kijicho pia. Nilikuwa nikimtazama na kujiuliza kwa nini yeye amepewa bure kitu ninachokililia.

Katikati ya muhula tukafanya jaribio, nikaambulia patupu. Mhadhiri alinizuia wenzangu walipokuwa wakitoka, akaandika ubaoni: *Darasa hili si lako. Si aibu. Rudi mwakani uanze na la kwanza.*

Nikachukua kalamu. *Mwakani mwanangu atakuwa ameshazoea kutozungumza nami.*

Aliyasoma yale maneno mara mbili. Akafuta ubao, akanionyesha kiti changu kwamba bado ni changu, kisha akanipungia niende nyumbani. Hakulizungumza tena. Tangu siku ile alikuwa akitazama kwangu kila anapomaliza sentensi, na mimi, kwa kumwonea haya, nilikuwa nikitikisa kichwa kwamba nimeelewa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa ukalimani. Kiziwi mgeni anasimama mbele, anasimulia jambo, na wanafunzi kwa zamu wanageuza mikono yake kuwa sauti. Siku hiyo pekee mdomo uliruhusiwa. Mgeni aliyeandaliwa akapata udhuru, na shule za bweni zilikuwa zimefunga juzi yake tu. Mhadhiri akaniuliza kama binti yangu amekwisha kufika. Wenzangu walinigeukia kwa wivu. Mwanamke huyu, walikuwa wanasema machoni, amepewa mtihani wa mtoto wake wa kumzaa.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijua sitaelewa yote. Lakini sura ile naijua, kukunja uso kule nakujua, nimemlea. Nikajisemea kwamba nikishindwa na huyu, basi nimeshindwa na wote.

Alikuja na gauni lake la bluu, nywele nilizomsuka jana yake tukiwa kimya. Mhadhiri alimwamkia kwa mikono, naye akajibu, na uso wake ukafunguka. Sina namna nyingine ya kusema. Sijawahi kuuona uso ule ndani ya nyumba yangu. Wakaulizana habari, akamtania mhadhiri kuhusu tai yake, mhadhiri akacheka kwa sauti ile yake nzito asiyoijua. Mtoto wangu ana utani. Nilikuwa sijui.

Kisha mhadhiri akamwambia asimulie chochote anachotaka kisikike. Akafikiri kidogo, akaanza. Mwanafunzi wa kwanza akatoa sauti: "Shuleni kwetu vitanda ni vya ghorofa. Mimi nalala juu. Rafiki yangu alikuwa analala chini. Taa zikizimwa hatuonani mikono, kwa hiyo tulikuwa tunaandikiana kiganjani kwa kidole."

Zamu ikawa yangu. Nilisimama. Mwanangu alinitazama, akaendelea, na mikono ikakimbia. Nikaona *rafiki*. Nikaona *gari*. Nikaona *asubuhi*, au labda *jua*. Nikaona kidole chake kikipita kifuani mara mbili, na uso ukajikunja kwa namna nisiyoijua, mimi niliyemlea.

"Rafiki yake," nikasema. "Rafiki yake ana gari."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mhadhiri, aliyekuwa akinisoma midomo, aliinua kiganja, mwanangu akasimamisha mikono, na zamu ikapewa msichana wa miwani. Mhadhiri akamwomba mtoto arudie.

Mkalimani hasemi "yeye anasema". Husema "mimi", kwa nafsi ya mwenye maneno, na hasimami hata maneno yakiwa machungu. Ndivyo tulivyofundishwa. Msichana wa miwani akasema:

"Rafiki yangu alipata homa. Gari la shule likampeleka hospitali. Asubuhi matroni alikuja akakunja godoro lake. Likikunjwa vile, sisi tunajua. Hakuna aliyetueleza, tulitazama godoro tu. Nilikuwa sina wa kuniandikia kiganjani. Nikasubiri likizo nimwambie mama."

Hapo msichana alisita, akanitupia jicho. Mikono ya mwanangu haikusita, naye ikambidi aifuate.

"Nilifika jioni. Nikamwambia mama kabla sijavua viatu. Nilimwambia yote. Mama alitabasamu. Akatikisa kichwa, akanishika shavu, akaniwekea chakula. Alinipa nyama kubwa. Nikala. Sikumkasirikia. Mama yangu ni mwema. Hasikii tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wanavyosema watu. Wa mwanangu niliusikia kwa mdomo wa mtoto wa watu, muhula mzima baada ya kupita, nikiwa nimesimama mbele ya darasa. Na neno lile, *mama*, ndiyo mara ya kwanza kulisikia kwa sauti kutoka kwake, na koo halikuwa lake. Ile jioni naikumbuka. Nilikumbuka nyama. Nilidhani ananisimulia michezo ya shule, nikafurahi kwamba ana mengi ya kusema. Sijui kama pale darasani alisahau kuwa nipo, au aliona kwamba hatimaye nimepata watu wa kunisikilizia.

Mhadhiri alizima taa, akaiwasha. Mtihani umekwisha.

Nikamshika mwanangu mkono, tukatoka. Pale juu ya ngazi nikamgeuza anitazame. Watu walikuwa wakipita wakitupisha. Niliinua mikono, nikampa kila alama niliyoipata kwa muhula mzima, nyingine najua zilikuwa kombo. *Mimi kosa. Rafiki yako, pole. Sikuelewa. Niambie tena. Wewe, mimi, sasa.*

Alinitazama mikono kwa subira, kama unavyomtazama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Alielewa. Niliona ameelewa, na nikamwona pia akitazama nyuma kwenye mlango wa darasa, mahali alipokwisha kuyasema mara mbili leo, kisha akanitazama mimi usoni, akapima. Akatupa kiganja juu ya bega lake, mara moja, kwa upole.

Alama hiyo hawaifundishi chuoni. Ni yetu. Niliitunga mimi akiwa mdogo, kwa ajili ya siku za wageni, pale tunapocheka mezani naye ananivuta nguo kuuliza kuna nini. Maana yake ni baadaye, nitakuambia baadaye. Katika zote tulizowahi kuwa nazo, hiyo ndiyo aliyoihifadhi. Nami sikumbuki hata siku moja nilipomaliza kucheka na wageni nikarudi kumwambia.

Alinipokea mkoba, maana aliona umenilemea, akatangulia kushuka.