Goti la Mlinzi

Mtu akikuonea huruma bila kukuomba kitu, mpekue. Hiyo ndiyo imani yangu, na ndiyo iliyonilisha mimi na mke wangu tangu nilipoanza kulinda geti la kiwanda cha sabuni. Kazi yangu ni kupekua wafanyakazi wakitoka. Mche wa sabuni haupigi kelele, ila hubadili mwendo wa aliyeuficha. Ukiwa kiunoni, mtu hutembea kama kavaa suruali ya mdogo wake. Ukiwa ndani ya soksi, hukaza goti. Mimi huwajua kabla hawajafika mezani kwangu.

Sasa goti lililokaza likawa langu. Niliteleza getini kwenye maji ya povu, nikaanguka mbele ya zamu nzima, na wapo waliocheka, nawajua. Nikiwa bado likizo ya ugonjwa msimamizi wetu aliniita ofisini akaniambia bila kuzunguka. Mwisho wa mwezi nirudi nilinde zamu nzima, yeye akinitazama. Nikiweza, geti langu. Nisipoweza, geti ni la Mrefu, yule mlinzi aliyeshika nafasi yangu, na mimi nitafute pa kwenda. Kwa umri wangu, pa kwenda ni nyumbani tu.

Hospitali wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilitegemea mtu wa mabavu, mwenye filimbi. Nikamkuta mwanamke wa umri wa binti yangu, chumba chake kina mikeka, kioo kirefu na mipira mikubwa ya kuchezea watoto. Siku ya kwanza aliniambia nilale chali, nikunje goti mpaka pale linapokubali, basi.

"Likikataa je?" nikamuuliza.

"Likikataa unaacha, mzee. Unalirudisha taratibu, unapumzika."

"Na kupona?"

"Kupona ndiko huko."

Machale yakanicheza. Dawa isiyo chungu sijawahi kuiona. Nikampa jina moyoni, Bi Polepole, nikaanza kumchunguza. Hakupandisha sauti. Hakunikaripia nilipochelewa. Akaniuliza nalala vipi, nakula nini, na kama nikila nakaa chini au nasimama. Mambo ya chakula na goti yanahusiana nini? Nilipomjibu kwamba chakula cha usiku nimekiacha ili goti lisibebe mzigo, alinitazama kwa upole nisioupenda.

"Goti linajengwa na chakula, mzee. Kula ukisikia njaa, shiba, halafu acha. Usijiadhibu."

Hapo nikajua kuna njama. Hakuna mwajiri anayetaka mzee apone, na huyu lazima katumwa na msimamizi anilegeze. Nijilaze kwenye mikeka yake mwezi mzima, nishibe, nilale, halafu siku ya siku nisimame getini kama mlenda. Nikaitikia, "Ndiyo, mwanangu," nikatoka na mpango wangu.

Tunakaa ghorofa ya juu kabisa. Kila alfajiri, mke wangu akiwa bado amelala, nikawa natoka kwenda kupanda ngazi. Nashuka mpaka chini, napanda mpaka juu, nashuka tena. Goti likilia, nalitukana. Nililiita mvivu, nikaliita msaliti, nikaliita majina ambayo hata mwizi wa sabuni sijapata kumwita. Nikirudi ndani najifuta jasho kwa taulo la jikoni, naingia kitandani kama sijatoka.

Kumbe nyumbani nako kulikuwa na mambo. Mke wangu alianza kunipakulia maharage na mboga sahani imejaa, na kukaa mbele yangu mpaka nimalize. Mwanamke huyu kwa kawaida hula huku anafanya lingine. Halafu akawa ananiwekea kitambaa cha maji ya moto gotini bila kuombwa. Nikamuuliza, "Umeongea na Bi Polepole?"

"Nani huyo?"

"Usijifanye."

"Kula, mzee, chakula kinapoa."

Hakujibu swali. Mtu asiyejibu swali ana kitu kiunoni. Nikala nusu sahani, nusu nikaisukuma, nikalala na njaa na hasira pamoja.

Goti halikupona. Lilivimba. Wiki ya mwisho Bi Polepole alilitazama kwa muda mrefu, akavuta kigoda, akakaa. Nikajiandaa kwa kesi, na majibu yangu yote yalikuwa tayari. Badala yake akaniuliza swali la kazi.

"Mzee, ukimpekua mtu getini, unaanzaje?"

Hapo sikuwa na sababu ya kuficha. Nikamweleza kwa fahari kwamba mimi simgusi mtu kabla ya kumwambia "samahani, naomba". Wenzangu hurukia mwili wa mtu kama wanafua nguo. Mimi kiganja changu kiko wazi, hakibani. Hata kwa mwizi ninayemjua, naomba kwanza. Ndio utaratibu wangu, na kwa sababu hiyo hakuna mwanamke wala mwanaume aliyewahi kunishtaki.

"Na goti lako umewahi kulipekua hivyo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniaga, akasema tuonane siku mbili baadaye.

Nilifika nyumbani nimekasirika. Kulipekua goti, mtu mzima na mvi zake. Lakini mke wangu alikuwa sokoni, na mlango una kitasa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikapandisha suruali, nikatazama kushoto na kulia kana kwamba Mrefu kajificha kabatini. Halafu nikasema, "Samahani, naomba," nikaweka kiganja.

Lilikuwa la moto. Ngozi imevutika, inameremeta, na chini yake kitu kinadunda kama kifaranga. Nimepekua maelfu ya watu, sijawahi kushika mtu aliyeogopa namna ile. Nikaona aibu, kisha aibu ikageuka huzuni, na machozi yakanitoka mimi mlinzi wa geti, mchana, nimevaa shati la kazini. Nililihurumia goti langu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu sikulijua jambo hilo hapo kabla.

Mke wangu alifungua kwa ufunguo wake, akanikuta hapohapo. Nikamwambia habari ya ngazi.

"Najua," akasema, akiweka kikapu chini. "Taulo la jikoni linanuka jasho kila asubuhi. Nilinyamaza nikidhani utakoma. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na yule binti? Mmekula njama?"

"Nilikwenda kumuuliza nifanye nini. Akasema nisikugombeze, nikupe chakula nikae nawe. Njama yenyewe ndiyo hiyo, mzee. Maharage."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine niliiacha iendelee na uchunguzi. Lakini ngazi nikaziacha, nikala mpaka nikashiba, na usiku nikalala bila kulitukana kiungo chochote. Bi Polepole nilipomweleza ukweli hakushangaa wala hakunisuta. Akapunguza mazoezi hata yale madogo, akanitakia kheri.

Siku ya zamu nilifika mapema. Msimamizi alisimama mlangoni mwa kibanda cha walinzi, mikono nyuma. Asubuhi ilipita vizuri. Baada ya saa ya chakula goti likaanza kunong'ona, kisha likasema kwa sauti. Nilijua namna zote za kuficha. Ningeweza kuegemea meza kama naandika, ningeweza kuuma meno na kujifanya nakohoa, na msimamizi asingeona kitu, maana jicho la kuona mambo hayo pale kiwandani ni langu. Na zamu ingeisha, na kesho nisingeamka.

Nikavuta kreti tupu, nikakaa.

Msimamizi akaja. "Umeshindwa?"

"Sijashindwa. Goti limechoka. Nikilipumzisha kidogo nitasimama."

"Mlinzi wa geti hakai."

"Huyu anakaa, mkuu, halafu anasimama."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Naujua mtazamo ule, ndio ninaotumia. Akarudi kibandani, na mimi nilijua nimeweka geti langu rehani.

Nilisimama kengele ya kutoka ilipolia, nikaanza kupekua. Katikati ya foleni akaja mama mmoja wa chumba cha kufungashia. Huyu nilimtilia shaka miaka na miaka. Hutembea amekaza miguu yote miwili, na kila jioni namtoa pembeni, napekua, sipati kitu. Badala ya kumwachia nilikuwa nazidi kumwogopa, nikasema huyu ni fundi. Nikasema samahani, naomba, nikainama taratibu kwa ajili ya goti, nikafika chini kuliko kawaida yangu. Nikaona vifundo vyake vya miguu. Vilikuwa vimevimba mpaka vimefunika ukingo wa viatu.

Nikasogeza kreti. "Kaa kidogo, mama."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kaa upumzishe miguu."

Akakaa ukingoni, mkoba kifuani. Msimamizi akatoka kibandani.

"Huyo kakaa hapo kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe upo hapo kwa ruhusa ya nani?"

"Yako, mkuu, mpaka zamu iishe."

Alimtazama yule mama, akatazama miguu yake, akatazama goti langu. Akakuna shingo. "Kesho uje na stuli," akasema. "Kreti ni za mzigo."

Akaondoka zake. Niliendelea kupekua. Mama yule akanivuta mkono wa shati, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, unataka nini kwangu?"

Nikamwambia sitaki kitu. Hakuniamini hata kidogo, lakini alivua kiatu kimoja, kisha cha pili.