Jua la Uani kwa Wilkista

Yunia alisimama kwenye foleni ya zahanati, Momanyi mgongoni, macho yake yakiwa ng'ambo, kwenye nyumba za makarani. Uani kule, mtoto wa Wilkista alikuwa akifukuza kuku. Watoto hao walizaliwa mwezi mmoja. Wa Wilkista alikimbia, Momanyi akisimama tu alianguka, miguu imepinda kama upinde. Yunia aliona wivu. Wilkista, mke wa karani, hakuchuma chai. Alishinda uani akianika nguo, mtoto akichezea mchanga pembeni.

"Ni macho mabaya ya yule mama wa ng'ambo," alimnong'oneza Kepher, dresa aliyetibu watu pale zahanati, zamu yake ilipofika. "Aliangalia mtoto wangu akiwa mchanga. Tangu hapo sijamtoa nje. Mama yangu anashinda naye ndani, mlango tumefunga."

Kepher alimbonyeza mtoto mbavu, akaguna.

"Mama Momanyi, hapa hakuna macho. Haya ni matege. Mtoto amekosa vitamini D, na ngozi ndiyo inaitengeneza ikipigwa na jua. Mtoe kwa jua kila siku, mifupa itapata nguvu."

"Jua?"

Yunia alitaka kucheka, akashindwa. Yeye jua lilimbabua mgongo kutwa kwenye majani chai, na mwanawe alikuwa gizani, amefungiwa na mama yake mwenyewe aliyempenda.

Nyumbani, mama yake hakutaka kusikia. "Nikiwa hai, mtoto huyu hatakaa mbele ya macho ya watu."

Basi kesho yake Yunia alipanda naye shambani, akamkalisha kwenye gunia kati ya mistari ya chai. Jua lilikuwa ndio kwanza linachomoza juu ya vilima vya Mogogosiek. Hata majani hayajafunika kitako cha kikapu, Gekara mnyapara alikuwa amefika.

"Toa mtoto! Hapa ni kazi, si nasari ya watoto."

"Daktari amesema akae kwa jua."

"Akae huko kwenu."

"Kwani hata jua ni la kampuni?"

Wachumaji wakaacha kuchuma. Gekara alimsogelea, akasema polepole, "Na ile nyumba unalala ni ya nani, mama?"

 Yunia alimbeba Momanyi, akateremka hadi mlango wa Wilkista, ambao alikuwa ameapa kutoukanyaga. Wilkista alikuwa akikamua shuka. Yunia alieleza akitazama chini, maneno yakimtoka kama miiba.

"Si umwache tu, dada," Wilkista alisema, akipangusa mikono. "Hapa jua ni la bure."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Yunia zaidi. Alitandika leso yake mwenyewe, akamvua mwanawe sweta, akamweka juani. Wivu haukupungua hata chembe. Kwa nini mwenzake alipewa mume wa ofisini, na ua, na asubuhi nzima ya kumtazama mtoto wake akikua?

Alianza kupanda kilima kurudi kwenye chai, masikio yakiwa nyuma, akingoja kilio.

Momanyi hakulia. Alikuwa akicheka, na Wilkista akicheka naye.

Yunia alitamani mtoto angemlilia, japo kidogo tu.