Umeelewa, Mzee?

Muuguzi Prisila alikuwa akinawa mikono pale zahanati ndipo likamjia: jana hakumtaka Mzee Malale arudie maelezo. Alimwambia tu, "Kimoja, asubuhi, ukishakula. Umeelewa, mzee?" Mzee akaitikia ndiyo, akafunga vidonge vya kisukari kwenye kitambaa, akaenda zake. Lakini Msukuma yule mfugaji Kiswahili kilimpiga chenga. Kila alichoambiwa aliitikia ndiyo.

Akampigia simu Suzana, mkwe wa mzee. Haipatikani. Akapiga tena. Akamwomba mwenzake amshikie zamu, akachukua kipimo cha sukari, akapanda bodaboda kuelekea kwa mzee, kandokando ya Mishamo.

"Kimbiza, kaka."

"Matope, sista."

"Kimbiza hivyohivyo!"

Suzana aliwapokea uani, macho yamemtoka. "Afadhali umekuja. Baba anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki."

Mzee alikuwa ameketi chini, shati limelowa jasho.

"Amekula?"

"Hajagusa kitu tangu jana mchana."

"Na vidonge?"

"Jana jioni viwili, leo asubuhi viwili. Si ni asubuhi na jioni, kama vile vya malaria?"

Prisila akamchoma mzee kidole. Kipimo kikasoma mbili nukta moja; sukari ilikuwa imeshuka mno.

"Lete asali, sukari, chochote kitamu!"

Asali ilikuwepo. Mzee bado aliweza kumeza, wakamnywesha kidogokidogo, ikichuruzika kidevuni. Prisila alitazama saa, akatazama uso wake, akarudi kwenye saa. Zikapita dakika kumi. Kumi na tano. Hapo mzee akainua kichwa, akauliza kwa Kisukuma kama ng'ombe wamepelekwa kunywa maji.

Suzana akaangua kilio. Prisila akamfuta mzee asali kidevuni.

"Apewe uji sasa hivi, halafu twende naye hospitali," alisema. "Dawa bado imo mwilini, inaweza kumwangusha tena." Kisha akachuchumaa mbele ya mzee. "Suzana, mwambie kosa ni langu. Niliongea, sikuhakikisha amenielewa."

Suzana akatafsiri. Mzee akajibu kwa maneno mengi, polepole.

"Anasema hakuelewa hata kidogo," Suzana alisema akijifuta machozi. "Aliona aibu kukuuliza, foleni ilikuwa ndefu."

Prisila akamshika mzee mkono. Ulikuwa bado wa baridi.