Vidole Viwili Midomoni

Binti alikuwa na jina lake la cheti, lakini mtaa mzima ulimwita Kimya, na aliyelianzisha ni mama yake mzazi. Alizaliwa kiziwi. Utotoni sauti ilimtoka hovyo, nene, ya kukwaruza, na wageni wakageuza shingo. Mama yake, fundi cherehani mwenye haya nyingi, akazoea kumgusa midomo kwa vidole viwili: nyamaza. Mtoto mwerevu haambiwi mara mbili. Alipotimiza miaka ishirini na miwili alikuwa ametulia kama maji mtungini, na mama akasifiwa kwa malezi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga, lakini mama huyu alijiona amekwepa vilio vyote viwili.

Kimya alipiga pasi kwa dobi, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye baraza aliloshonea mama yake. Siku moja alirudi nyumbani akaeleza kwa mikono: mtunza stoo. Akajibana kiuno kwa nguvu kuonyesha alivyoshikwa, kisha akazungusha ufunguo hewani. Baada ya wiki mbili, Alhamisi, mwenzake wa chumba cha pasi angeanza likizo. Angebaki peke yake na yule bwana.

Mama alimwendea mwenye duka la dobi mbio mbio.

"Mama, yule ni mtu wa watu," alijibiwa. "Binti yako kaelewa vibaya tu. Si unajua hali yake."

Aache kazi? Kimya alipiga meza ngumi. Kazi ni yake, aondoke mwenye kosa. Ndipo mama akampeleka kwa Mwalimu Magongo, mwanamke aliyewafundisha watu wenye ulemavu kujihami kwenye ukumbi wa shule kila jioni. Alitembelea magongo mawili, na walikuwapo wanaume mjini walioonja ncha zake.

Kimya alishika haraka. Kuchomoa mkono kupitia upande wa dole gumba, kukanyaga unyayo kwa kisigino, hayo aliyamaliza kabla ya jua kuzama. Lakini somo kuu la Magongo lilikuwa kelele.

"Mtu mbaya anamchagua asiyeita watu," alisema kwa kinywa na kwa mikono. "Ita!"

Akakibandika kiganja cha Kimya kooni mwake, akaunguruma ili binti auhisi mtetemo. Kisha akazungusha kidole kimoja hewani: tena. Kimya akafungua kinywa. Ikatoka ile ile, nene, ya kukwaruza, na mwanafunzi mwenzake, fundi viti asiyeona, akaruka kwenye benchi. Uso wa mama ukaiva kwa aibu. Bila kujua, vidole vyake viwili vikapanda midomoni. Kimya akaviona, akafunga kinywa. Magongo akazungusha kidole mpaka akachoka.

"Mama, kuanzia kesho utakaa nje," alisema mwalimu. "Wa kwanza kumziba mdomo binti huyu si mtu wa stoo. Ni wewe."

Maneno yale yalimchoma mama. Jioni zote zilizofuata alikaa kwenye baraza la ukumbi, sikio ukutani. Alisikia magongo yakigonga sakafu, akasikia fundi viti akicheka. Sauti ya mwanawe hakuisikia hata mara moja. Jumatano ya mwisho, Magongo alipotoka alitikisa kichwa tu.

Alhamisi mama alishona suruali, mguu mmoja ukatoka ndani nje. Macho yalikuwa kwa dobi. Saa nne mwenye duka alitoka kupeleka nguo za wateja. Haukupita muda, pazia la dirisha la chumba cha pasi likavutwa. Pazia lile halikuvutwa kamwe, maana mvuke ungewaua watu. Mama akavuka barabara bila kutazama magari. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mwanangu!" akaita, akigonga kwa viganja, na papo hapo akakumbuka anamwita nani.

Ndipo ikaja. Nene, ya kukwaruza, ilipasua pazia ikajaa barabara nzima. Muuza magazeti akaacha meza yake. Wanawake wa saluni wakamiminika, mmoja bado ana povu kichwani.

"Ni nani huyo?"

"Ni Kimya!" mama akapiga ukelele. "Ni mwanangu! Vunjeni!"

Kabla hawajavunja, ufunguo ukazunguka. Mtunza stoo akatoka akichechemea, amekumbatia dole gumba lake, akakuta watu kumi na zaidi.

"Bubu huyu ana wazimu," alisema. Hakuna aliyempisha.

Kimya alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, bega la blauzi limechanika, amefumba macho, bado anaita. Alipoyafumbua akamwona mama yake, na mkono wa mama ukipanda kwa mazoea ya miaka ishirini. Sauti ikaanza kufifia.

Mama akauona mkono wake mwenyewe ukiwa njiani. Akakunja vidole, akabakiza kimoja, akakizungusha hewani huku machozi yakimtiririka. Tena.

Kimya akajaza kifua pumzi.