Kipande cha Gauni la Bibi Harusi

Shangazi alikuwa fundi wa kadi za mialiko, na ubishi wake ulijulikana mtaa mzima. Mwenye duka la kuchapa, ng'ambo ya barabara, alitoa kadi mia tano kabla chai haijapoa, zote pacha. Shangazi hakurudia kadi hata kwa dawa. Kila harusi ilipata umbo lake, na kila kadi ilibandikwa kipande kidogo cha kitambaa cha gauni la bibi harusi. Jirani huyo akimcheka, alimjibu, "Wewe unauza karatasi, mwenzangu. Mimi namweka mtu ndani yake."

Safari hii bibi harusi alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Bwana harusi alikuwa mpole, mpole hadi anachosha. Alisema hajawahi kuoa. Gauni alilinunua yeye, na asubuhi ile alileta ukanda aliokata kwenye pindo: kitambaa cheupe chenye majani yaliyodariziwa kwa mkono.

Alipoondoka, Shangazi alishika mkasi, kisha akauweka. Baadhi ya majani yalikuwa na kijani tofauti, kama vile uzi ulimwishia mdarizi katikati ya kazi. Majina ya watu Shangazi husahau. Vitambaa, labda afe. Akavuta kasha la kadi za zamani, zile nakala moja moja anazojiwekea, akazipekua hadi akaipata kadi aliyoitafuta. Ilikuwa ya miaka minne iliyopita. Majani yaleyale, kijani kilekile kilichopotoka, na jina la bwana harusi lilelile. Mama wa bibi harusi wa wakati ule ndiye aliyekuja kuiagiza, na baada ya miezi mitano akarudi kuagiza kadi za kumbukumbu ya bintiye huyo, marehemu. Alianguka kwenye ngazi, walisema.

Shangazi aliogopa, tena aliogopa vibaya. Amwambie binti? Wiki ile tu majirani walimnong'oneza habari za mchumba wake, naye akawakata kauli: hayo ni maneno ya wenye wivu. Maneno yalikuwa yameshindwa. Basi akavuta karatasi.

Alitengeneza kadi moja, akasahau hata kula. Aliipa milango mitatu ya karatasi, mmoja ndani ya mwingine. Nyuma ya wa kwanza aliweka jina la yule marehemu, kitambaa chake na tarehe ya harusi. Nyuma ya wa pili, tarehe ya mazishi. Nyuma ya wa tatu, jina la binti aliyemlea, kitambaa kilicholetwa asubuhi, na nafasi tupu.

Binti aliporudi kutoka kazini alipewa. Mlango wa kwanza aliufungua akitabasamu. Wa pili aliufungua polepole. Kwenye wa tatu alikaa kitako sakafuni, akavipapasa vitambaa viwili kwa muda mrefu.

"Gauni limeshonwa upya ubavuni, kwa ndani," alisema. "Nilimuuliza. Akasema ndio mtindo."

"Leo hutoki, mwanangu."

"Sitoki, Shangazi. Naogopa."

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anasukuma komeo, hodi ikapigwa, taratibu, mara tatu.

Ilikuwa sauti ya bwana harusi, pole kama kawaida. "Shangazi, nimepita kuangalia kadi. Iko tayari?"

"Iko tayari," alijibu, mgongo wake ukiwa mlangoni. "Nimetengeneza moja tu, na imeshamfikia mwenyewe."

Walisubiri wasikie viatu vikishuka barazani. Havikushuka.