Kioo cha Domitilla

Nyumba yangu ilipigwa na tetemeko, lakini waliotaka kuibomoa ni manispaa. Tetemeko lilitikisa mara moja likaenda zake. Wakubwa walikuja na magari, wakatutoa, wakatupanga kwenye vibanda vya bati kule bondeni, wakasema ni kwa msimu mmoja tu. Mke wangu Domitilla alifia humo humo, bado akiuliza lini tutarudi juu kijijini. Sisemi bati ndilo lililomuua. Nasema waliotupanga pale wao walikuwa wanalala kwenye nyumba za mawe.

Ukuta wa mbele, unaotazama uwanja wa kanisa, ulikuwa umejitenga na nyumba. Ufa ulishuka toka darini mpaka jikoni, kidole changu cha mwisho kikiingia bila kusukuma. Domitilla, kabla hajaugua, alitoa kioo kwenye picha ya harusi yetu, akakata kipande, akakigandisha kwa plasta juu ya ufa, kama wafanyavyo manispaa. Kwetu hata mtoto anajua maana yake: kioo kikivunjika, ukuta umetembea, nyumba inapakwa msalaba mwekundu, buldoza linakuja. Kila Jumapili alipanda kukifuta vumbi. Hakikuvunjika.

Mwezi wa Mei tukaambiwa mkaguzi atapita Jumamosi kwa mara ya mwisho; nyumba isiyo salama itashushwa. Nikamwendea Elpidio, fundi chuma.

"Wewe unataka mnyororo," akasema.

Tunauita mnyororo, lakini ni nondo moja nene inayopita juu ya jiko toka ukuta hadi ukuta. Ncha zake zinatokeza nje, na kila ncha ina bamba la chuma na nati. Kanisa letu limefungwa kwa minyororo ya babu zake Elpidio, ndiyo maana bado lina paa.

"Bamba la mbele hupigwa kwa herufi ya mwenye nyumba," akasema. "Nikupigie Q, Quintilio?"

"Q itafanana na kikaango. Piga D."

Hakuuliza zaidi.

Jumamosi asubuhi chuma kilikuwa tayari kimepita ukutani. Tukaning'iniza makarai ya makaa chini yake. Chuma kikishika moto hurefuka, na nati zikilegea nazikaza kwa spana, kidogo kidogo. Kisha makaa yanaondolewa. Chuma kikipoa kinarudi kwenye urefu wake, na kinaporudi kinavuta kuta mbili pamoja. Hakuna mkono wa mtu wenye nguvu hiyo.

Shemeji yangu Nazzarena, dada yake Domitilla, alikuwa mlangoni na sufuria ya dengu.

"Unauchoma ukuta kama kondoo, shemeji. Nilete na majani ya rozmari ya kunukisha nyama?"

"Leta dengu, acha maneno."

Kwetu chuma kikianza kupoa, watu wanakaa chini yake wanakula, fundi katikati. Fundi anayekataa kukaa, kazi yake haiaminiki. Tukakaa. Juu yetu chuma kikawa kinalia, mawe yanasaga, vumbi linaingia kwenye bakuli. Halafu, ta! Kioo cha Domitilla kikapasuka.

"Mama yangu! Inaanguka!" Nazzarena akapiga kelele, akatoka mbio. Nami nikatoka, kijiko mkononi. Uwanjani tukagongana na Renzo, mkaguzi, ameshika kopo lake la rangi nyekundu.

"Kuna nini, Bwana Quintilio?"

"Kioo kimevunjika," nikamwambia. "Haya, paka. Kawaambie waliokutuma wakafungue chupa ya mvinyo washerehekee."

Ndani ikasikika sauti ya Elpidio: "Dengu zinapoa, enyi waoga!"

Hakuwa ameinuka kitini. Renzo akaingia, akasogea ukutani, akapapasa. Akapitisha kidole toka juu hadi chini.

"Bwana Quintilio," akasema, "ufa wenyewe uko wapi?"

Nikachukua kisu cha jibini, nikajaribu. Hakikuingia. Ukuta ulikuwa umetembea kweli, umetembea kurudi nyumbani, na kingo za ufa zimekibana kioo mpaka kikakatika. Miaka yote tulikuwa tumezoea kioo kuvunjika kwa njia moja tu: ukuta ukienda nje.

Renzo akafunga kopo, akavuta kiti, akaomba bakuli. "Nitaandika inakalika."

"Andika na aliyeifunga," Nazzarena akasema, anajifuta machozi kwa aproni. "Wakubwa wenu wasije wakajipa sifa."

Walikuja hata hivyo, wakapiga picha mbele ya ukuta wangu wakitabasamu. Niliwafungia dirisha usoni.

Sasa naishi humu. Kutoka uwanjani unaliona bamba, jeusi, limebana mawe barabara. Wapita njia wakiniuliza hiyo D ni ya nani, nawajibu ni ya mwenye nyumba.